Bima ya kuingia mapangoni nje ya nchi: pata jibu la maandishi kwanza

Wenzangu wa Unguja na Pemba mliozoea pango la Kuumbi au la Mangapwani na sasa mnapanga kwenda Slovenia au Ufaransa: kabla ya kulipia bima, iandikieni kampuni barua pepe yenye swali hili, "Nikivunjika mguu ndani ya pango nililoshuka kwa kamba, nani analipa gharama ya kunitoa hadi mlangoni?" Jibu lihifadhini pamoja na hati ya bima. Bima nyingi hulipa hospitali na kurudishwa nyumbani, lakini uokoaji wenyewe huwa na kifungu chake, na kushuka kwa kamba mara nyingi kumo katika orodha ya michezo ya hatari isiyolipiwa. Wala msitulizwe na bima ya viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, zikiwemo Slovenia na Ufaransa): ile euro 30,000 inayotakiwa ni kiwango cha chini cha matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, haikuhakikishii kuwa mchezo wa mapangoni umo. Pango la watalii lenye taa, njia na mwongozaji, kama Postojna la Slovenia, kwa kawaida halina shida hiyo.

Jibu hilo halitakufaa ukifanya tofauti na ulivyoeleza, mfano uliandika utakuwa na mwongozaji kisha ukaingia peke yako. Halifai pia kwa kupiga mbizi ndani ya pango lililojaa maji. Hapo tafuta bima ya wazamiaji. Na wakikujibu kwa simu tu, waombe waandike.