Hiyo 'd ni had au would? Tazama kitenzi kinachofuata
Kwa miaka nimekuwa nikikisia tu, hadi juzi nikisahihisha barua ya Kiingereza nikagundua jibu liko hapo hapo mbele. Ukikuta I'd au she'd, nenda moja kwa moja kwenye kitenzi kinachofuata. Kikiwa katika umbo lake la msingi, kama go, hiyo ni would: she'd go, angeenda. Kikiwa katika umbo la tatu, kama gone, ni had: she'd gone, alikuwa ameshaenda. Ni kwa sababu would hufuatwa na umbo la msingi, na had ya aina hii hudai la tatu. Kielezi kikijipenyeza katikati, kama already, kiruke. Hata she'd have gone haisumbui: kinachofuata ni have, basi ni would.

Mbinu inakwama kwa vitenzi ambavyo maumbo hayo mawili yanafanana: I'd come, I'd put, I'd cut. Hapo huna budi kusoma sentensi nzima. Halafu kuna mkaidi mmoja, you'd better go: ni had, ingawa go haijabadilika. Huyo mkariri tu.