Stimuleta ya mgongo: kaa na ya majaribio kwanza ndo ukubali ya kudumu

Tuelewane mapema, hii stimuleta, yaani kifaa cha umeme kinachowekwa mgongoni kutuliza maumivu, si ya kila anayeumwa na mgongo. Kama kiuno kimekaza sababu ya kubeba magunia soko la Kongowea we fanya mazoezi, kandwa na maji moto, utapoa. Stimuleta ni ya yale maumivu ya mishipa ya fahamu yaliyokaa miezi na miezi, mguu waungua, mara shoti kutoka kiunoni mpaka kidoleni, dawa umemeza mpaka tumbo limechoka, na pengine ushapasuliwa mgongo na bado waumwa. Wenye sukari ambao miguu yawachoma usiku pia wamo, Marekani iliidhinishwa kwa ajili yao 2021.

Kazi yake ni hivi, waya nyembamba zapitishwa ndani ya uwazi wa mfupa wa mgongo, karibu na ule mshipa mkuu wa fahamu bila kuugusa, zatoa umeme mdogo unaovuruga ile habari ya maumivu kabla haijafika kichwani. Si kitu cha jana, daktari Norman Shealy aliweka ya kwanza Marekani 1967. Lakini haiponyeshi ugonjwa, ukiizima, maumivu yarudi.

Uzuri wake waijaribu kwanza. Waya zaingizwa kwa sindano, betri yabaki nje kwenye mkanda, wapewa remoti na warudi nyumbani, mara nyingi siku 3 hadi 7. Madaktari wengi hutaka maumivu yapungue angalau nusu ndo waendelee na ya kudumu, ile ambayo betri nayo yawekwa ndani ya mwili. Sasa shida ni hiyo "nusu", maana mtu akiulizwa atasema tu "alhamdulillahi, afadhali", na afadhali haipimiki. Kwa hivyo kabla hujawekewa chukua daftari uandike mambo matatu ambayo maumivu yamekunyima, mambo ya kweli ya maisha yako: wapanda ule mlima wa feri ya Likoni ukisimama mara ngapi, usiku waamka mara ngapi, waweza kukaa kwenye matatu mpaka Mtwapa bila kujipinda? Andika na vidonge unavyomeza. Halafu wiki ya majaribio uandike yale yale kila jioni, na vidonge usiongeze kimyakimya, ukiongeza hutajua kilichokusaidia ni umeme ama dawa.

Wiki hiyo ya majaribio, joto la Mombasa ndo mtihani wenyewe. Ile plasta ya kufunika pale waya zilipoingia haitakiwi kuloa, kwa hivyo kuoga hakuna, jifute na kitambaa, kaa karibu na feni, na kama plasta imeanza kubanduka kwa jasho usijibandikie mwenyewe, pigia kliniki. Usiiname, usijipinde, usinyooshe mikono juu kuanika nguo, madumu ya maji wabebe wengine, kwani waya ikisogea hata kidogo yaweza kukosa pale mahali na utasema mashine haifanyi kazi kumbe imehama. Kwa wanaosali, salini mkiwa mmekaa kwenye kiti, rukuu na sujudu ni kwa ishara ya kichwa, mgonjwa ana ruhusa. Bodaboda sahau kabisa.

Utapelekwa pia kwa daktari wa saikolojia. Watu wengi huku hukasirika hapo, "kwani mimi ni mwendawazimu?" Hapana, madaktari wataka kujua kama una msongo unaohitaji kutibiwa kwanza, nenda tu.

Mambo ya pesa: uliza bili ya majaribio peke yake na ya kudumu peke yake, na SHA (bima ya afya ya serikali) ama bima yako ikujibu kwa maandishi. Mimi singefungua grupu la mchango la WhatsApp kwa bili yote kabla majaribio hayajaisha. Uliza na hili, nani atairekebisha mashine? Ukiambiwa ni Nairobi kila mara, piga hesabu ya nauli ya treni ya SGR. Betri ya kuchaji yaweza kufika miaka 10 na zaidi, isiyochajiwa huisha mapema na kubadilishwa ni kupasuliwa tena. Uliza kama utaweza kupigwa picha ya MRI (ile mashine ya sumaku) nayo. Na kama wameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi ama una kifaa cha moyo, sema siku ya kwanza, usingoje kuulizwa.

Homa, usaha, kidonda kuwa chekundu, piga simu siku hiyo hiyo. Miguu ikilegea ghafla ama mkojo ukikataa kutoka au ukatoka wenyewe, hiyo ni emajensi, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

Ukishawekewa ya kudumu, wiki kadhaa za mwanzo masharti ni yale yale ya kuinama na kubeba. Kama yako ni ile inayokufanya usikie msisimko mwilini, izime ukiendesha gari. Kadi ya kifaa iwe kwenye waleti, uwanja wa ndege watakuuliza. Na ukienda fiziotherapi mwambie kabla hujalala kitandani kwamba una stimuleta, ile mashine ya diathemi (ya kupasha misuli joto kwa ndani) usikubali iwashwe kwako, yaweza kuchoma pale zilipo waya.