Land Rover inachemsha ikiwa imesimama? Angalia kava la feni kabla ya kununua rejeta

Gari langu ni Land Rover 109 ya mwaka 1976, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25. Baba alilinunua mnadani, akalizungusha Magu na Misungwi miaka yote ya pamba, kisha akaniachia mimi. Lilikuja na tabia moja. Barabara ya Musoma, likiwa kwenye mwendo, mshale wa joto hautikisiki. Foleni ya kivuko cha Kigongo, unawasha, unasogea nafasi ya magari mawili, unazima, unawasha tena, linachemsha. Mafundi wawili tofauti walinibadilishia rejeta, na likaendelea kuchemsha. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025 na foleni ile haipo, lakini mlima wa Bugando hapa Mwanza uko palepale, na kila wiki naona gari la zamani limeegeshwa pembeni boneti wazi.

Langu lilikosa kava la feni, lile duara la bati linaloizunguka feni na kushikana na rejeta. Feni ni ya mviringo, rejeta ni ya pembe nne. Bila kava, feni inavuta hewa ya sehemu ya katikati tu, na mbaya zaidi, ncha za mapanga zinairudisha hewa ya moto iliyokwisha kupita injini. Kava likiwepo, hewa yote lazima ipite kwenye rejeta. Ukiwa kwenye mwendo, upepo unakufanyia kazi hiyo, ndiyo maana kasoro haionekani. Mafundi wengi hulitoa kwa sababu linazuia mkono wakati wa kubadilisha mkanda, halafu linabaki nyuma ya banda hadi wanunuzi wa vyuma chakavu wapite.

Kwa hiyo pima kwanza. Gari linalochemsha likiwa limesimama au linapanda taratibu, tatizo mara nyingi ni hewa. Linalochemsha kwenye mwendo, tafuta kwenye maji: rejeta imeziba, mpira wa maji wa chini ya rejeta unanywea ukivutwa na pampu, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Kisha chukua karatasi ya daftari, injini ikiwa inanguruma bila gari kutembea, iweke mbele ya rejeta kona moja baada ya nyingine. Inapaswa kung'ang'ania kila mahali. Yangu ilishika katikati tu, kwenye kona ikadondoka, na hapo nikajua pesa ya rejeta mbili ilikwenda bure.

Kazi yenyewe ya kurudishia kava inataka asubuhi nzima na injini iliyolala usiku kucha. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, hata kama mtu nyuma yako anapiga honi. Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hiki maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi kama 96 tu. Mfuniko wangu umeandikwa 9, yaani paundi tisa za presha, na presha hiyo inapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu 110. Ukifungua, presha inaondoka ghafla na maji yanachemka papo hapo, yanaruka pamoja na mvuke usoni mwako. Kwa sababu hiyohiyo mfuniko uliolegea springi au kuchanika mpira ni ugonjwa kamili. Badilisha huo kwanza, bei yake ni ndogo kuliko vyote.

Fungua koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa bloku, kinga kwenye beseni. Kulanti, ile dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji, ni tamu na ni sumu, mbwa na mbuzi huinywa. Usiimwage mtaroni, mitaro yetu yote inaishia ziwani.

Mipira ya zamani usiivute kwa nguvu. Shingo ya rejeta imeshikiliwa kwa risasi ya kulehemu tu, ukiipindua umejiongezea safari kwa fundi rejeta. Pasua mpira kwa kisu kwa urefu, uubanue. Kwenye Land Rover inua boneti ipite wima uichomoe kabisa, upate nafasi ya kufanya kazi. Bolti nyingi hapa ni za inchi, kwa hiyo uwe na spana za nusu inchi na saba ya kumi na sita. Spana namba 13 ya Kijapani itazila vichwa.

Rejeta ikishatoka, isimamishe uiangalie dhidi ya jua. Sisi wa kando ya ziwa tuna adui wetu: wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi. Pita jioni moja upande wa Kayenze wakiwa wametoka, kesho yake mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, yamejaa uji mkavu. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa feni kwenda mbele, kinyume na hewa inavyopita. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa. Ndani, jaza maji kisha achia shingo ya chini: yanapaswa kutoka kwa kishindo. Yakitoka kwa kusitasita, mirija imeziba. Ya shaba mpelekee fundi rejeta aitoe tangi, aisafishe na kuichomea upya. Ya aluminiamu haichomewi kwa risasi, na kwangu hilo linatosha kubaki na shaba.

Sasa kava. Ukipata la asili, lichukue hata likiwa na kutu. Ukikosa, litengeneze kwa bati la geji 18. Pima feni kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa sentimita 40, tundu liwe 43, yaani sentimita moja na nusu kuzunguka pande zote. Ukilibana zaidi litagusa, ukilipanua zaidi hewa itarudi. Kwa kina, panga nusu ya upana wa mapanga iwe ndani ya duara na nusu nje. Feni ikizama yote ndani, hewa inakosa pa kutokea. Kingo zinazolala kwenye rejeta zivishe vipande vya tyubu ya baiskeli, bati lisikwaruze na hewa isipenye.

Kabla ya kufunga, angalia maunti za injini, vile vishikio vya mpira vinavyoibeba. Mpira wake ukizeeka, injini inashuka na feni inashuka nayo, itakata kava upande wa chini. Yangu ilikuwa imeshuka, nikainua injini kwa jeki na ubao chini ya sampu, lile bakuli la oili, nikaweka maunti mpya ndipo nikapima tena. Ukipima kabla ya maunti, umepima uongo.

Mpangilio wa kurudisha ndio unaowashinda wengi: kava linaingia kwanza, linaning'inia kwenye feni, halafu rejeta inashuka mahali pake, ndipo unalivuta kava mbele na kulifunga. Ukianza na rejeta utaitoa tena. Weka mipira ya kuzuia mtikisiko chini ya miguu ya rejeta, kwa sababu barabara zetu zenye rasta zinapasua risasi taratibu, na usikaze bolti hadi chuma kilie.

Sasa kipimo ninachokipenda. Chukua tonge la ugali wa muhogo uliopoa, likandike ndani ya duara sehemu nne: juu, chini, kulia, kushoto. Zungusha feni kwa mkono. Kisha mwenzako aisukume injini kwa nguvu mbele na nyuma, kulia na kushoto, nawe zungusha tena. Panga litachonga alama kwenye ugali, na unene uliobaki ndiyo nafasi yako halisi. Ugali ukikatwa hadi kwenye bati, legeza kava, lisogeze, rudia. Ukimaliza safisha vizuri, panya wa Igogo wasikufuate ndani ya boneti.

Angalia na feni yenyewe. Ikifungwa kinyumenyume bado inavuta hewa upande uleule, ila kwa udhaifu, kwa hiyo mtu hatambui. Upande wa panga uliobonyea ndio unaotazama injini. Mkanda ubonyee kama sentimita moja ukiukandamiza kwa kidole gumba katikati.

Jaza kwa maji ya mvua au maji safi ya kuongezea betri (si asidi), nusu kwa nusu na kulanti. Egesha pua ikitazama juu ya mlima, fungua hita, mimina polepole, kamua mpira wa juu mara kwa mara hadi mapovu yaishe. Washa bila mfuniko, na mpira wa juu ukianza kupata joto ghafla, themostati imefunguka. Ongeza maji, funga. Anayekushauri uitoe themostati moja kwa moja anakunyima kifaa kinachoipa injini joto lake sahihi.

Rudia kipimo cha karatasi. Yangu sasa inashika kona zote nne. Siku ileile nilipanda Bugando kwa gia ya pili, nikasimama juu dakika 15 injini ikinguruma, mshale ukabaki katikati. Baada ya siku tatu za kuendesha, rudi na bisibisi ukaze klipu zote za mipira, kwa sababu mpira mpya hulala ukishaonja joto.