Kumpa mbwa mfupa mbichi wenye nyama bila kumponza

Mbwa wangu wa kwanza kuonja shingo mbichi ya kuku aliimeza nzima kabla sijafunga mlango wa friji. Baada ya muda akaitapika sakafuni kama ilivyoingia, haina hata alama ya jino, kisha akataka kuimeza tena. Mfupa haukuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Niliuchagua kwa kuangalia kilichopo buchani, sikumwangalia mbwa.

Niseme mapema kwamba madaktari wengi wa mifugo hawaupendi ulishaji huu, na hoja zao zina uzito: meno huvunjika, utumbo huziba, na nyama mbichi hubeba bakteria. Mimi naendelea nao kwa sababu kutafuna hupunguza ukoga wa meno na humpa mbwa kazi ya kufanya. Lakini mbwa anaweza kuishi vizuri maisha yake yote bila kuona mfupa, kwa hiyo ukisita popote katika hatua hizi, acha tu.

Hatua ya 1: Mjue mlaji wako

Kuna mbwa mtafunaji na kuna mbwa mbugiaji. Mtafunaji hulala chini, hushika chakula kwa miguu ya mbele na kukigeuza hadi kiende kwenye magego. Mbugiaji hula amesimama, huku akiangalia nani anakuja kumnyang'anya. Mpe karoti nzima iliyo ndefu na nene, ukiwa umeishika ncha moja, utamjua ndani ya dakika moja.

Wapo wasiofaa kabisa kupewa: watoto wa mbwa wanaobadilisha meno (kati ya miezi 3 na 7 hivi), wazee wenye meno mabovu, waliowahi kuugua kongosho, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na wanaotumia dawa za kushusha kinga. Na kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu, ningekushauri usianze. Mbwa anaweza kubeba bakteria wa salmonela na kuwatoa kwenye kinyesi bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote.

Hatua ya 2: Chagua mfupa unaomfaa yeye

Mfupa uwe mkubwa kuliko mdomo wake, ufunikwe na nyama, na usiwe umekatwakatwa. Mbwa mdogo mtafunaji anaweza kupewa bawa au shingo ya kuku. Mbwa mkubwa mpe mgongo mzima wa kuku au kipande kirefu cha mbavu. Mbugiaji, awe mdogo au mkubwa, mpe kile ambacho hawezi kukiingiza chote kinywani. Watu wengi hufanya kinyume: humwonea huruma mbugiaji wakamkatia vipande vidogo, na hivyo ndivyo vinavyomkaba.

Mfupa uliopikwa usimpe kamwe, uwe wa kuchemsha, wa kuchoma au wa kukaanga. Moto hukausha mfupa na kuharibu kolajeni inayoufanya upinde kidogo, na ukivunjika hutoa vibanzi vyenye ncha kali. Mifupa ya miguu ya ng'ombe nayo naiacha hata ikiwa mibichi. Ilimbeba mnyama mzito, ni migumu mno, na ndiyo huvunja lile gego kubwa la juu ambalo mbwa hulitumia kukatia. Mfupa uliokatwa kwa msumeno kama pete hunasa kwenye taya la chini nyuma ya meno, na mara nyingi mbwa hulazimika kulazwa usingizi ili utolewe. Uboho wake ni mafuta matupu, jambo baya kwa mwenye kongosho dhaifu.

Nguruwe mbichi simpi mbwa wangu, kwa sababu ya minyoo ya trikinela na ya virusi vya Aujeszky, ambavyo mbwa akivipata hufa. Ini na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi pia sitoi. Humo hukaa malengelenge ya tegu mdogo aitwaye Echinococcus, ambaye hukomaa kwenye utumbo wa mbwa, na mayai yake yakimwingia binadamu humwotea uvimbe wa maji ndani ya mwili. Ukinunua shingo ya ng'ombe, ondoa koo lote. Tezi ya thairoidi iliyobaki hapo, mbwa akiila mara kwa mara, huvuruga homoni zake.

Hatua ya 3: Hifadhi na uyeyushe

Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri huzuia bakteria wasizaliane, lakini haiwaui. Yeyusha ndani ya friji, rafu ya chini, kwenye bakuli lenye kifuniko. Usimwoshe kuku chini ya bomba, maana utawarushia bakteria sinki nzima. Usimpe mbwa mfupa ukiwa bado barafu, kwani huo nao huvunja meno. Na usidhani bakteria hao ni shida ya binadamu peke yake: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walionyesha uhusiano kati ya kuku mbichi, bakteria wa kampailobakta na ugonjwa wa neva unaopooza miguu ya mbwa.

Hatua ya 4: Mfundishe kubadilishana

Fanya hivi wiki moja kabla ya mfupa wenyewe. Mpe kitu cha kawaida, kisha mwonyeshe kitamu zaidi. Akiachia, mpe kile kitamu na umrudishie cha kwanza. Mbwa anayeamini kuwa mkono wako huleta, haunyang'anyi, hatakimbilia kumeza ukimkaribia.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Mlishe kwanza chakula chake, asije kwenye mfupa na njaa. Mweke mahali panapooshwa kirahisi, peke yake. Kama una mbwa wawili, mlango uwe katikati yao hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Watoto wakae mbali. Wewe kaa karibu, lakini usimsimamie kichwani. Mfupa ukibaki kipande cha kumezeka, badilishana naye na ukitupe. Sitoi mfupa jioni nikikaribia kulala wala asubuhi nikiwa naondoka.

Hatua ya 6: Soma kinyesi

Anza na mara moja kwa wiki. Wengi wanaolisha vyakula vibichi hukadiria mfupa uwe kama asilimia 10 ya chakula. Karibu nusu ya uzito wa bawa la kuku ni mfupa. Kwa hiyo mbwa anayekula gramu 500 kwa siku, bawa moja la gramu 100 limeshafikisha kiwango chake cha siku hiyo, na chakula kingine kipunguzwe. Choo kikiwa cheupe, kikavu, kinavunjika kama chaki, umezidisha mfupa. Akijikamua bila kutoa kitu, simamisha.

Akikabwa na ukauona mfupa, utoe. Usipouona, usichokonoe, maana utausukuma ndani zaidi. Mkimbize kwa daktari. Vivyo hivyo akitapika mara kwa mara, akitokwa na mate mengi, tumbo likiwa gumu, akikosa choo au akitoa damu. Usimtapishe wala usimnyweshe mafuta: kibanzi kilichoshuka bila kukwaruza kinaweza kuchana umio kikipanda.

Mimi huupiga mfupa picha kabla ya kumpa mbwa, kiganja changu kikiwa kando yake. Daktari akiuliza ulikuwa na ukubwa gani na ameula saa ngapi, simu inajibu yote mawili.