Kabla ya kununua kamera, simama kwanza getini

Shangazi yangu wa Chumbageni aliibiwa baiskeli barazani huku kamera nne zikirekodi. Tulikaa naye tukaitazama ile picha mara tatu. Kijana anaingia, anainama, anatoka na baiskeli, na tulichokiona vizuri ni kofia tu, kwa sababu kamera ilifungwa juu kabisa chini ya paa. "Mwanangu, mimi nautaka uso," aliniambia. Mimi ndiye fundi wa kamera katika ukoo wetu, na siku ile iliniuma.

Kwa hiyo usianzie dukani. Simama getini ujiulize: mgeni hana budi apite wapi? Kamera moja iwe ya hapo tu, kimo cha mita 2 na nusu hivi, imtazame mtu anapokuja. Wauzaji watakutajia megapikseli. Wewe piga hesabu ya upana. Ili umtambue mtu usiyemjua, kipimo kinachotumika ni nukta 250 (vidoti vinavyounda picha) kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kamera ya megapikseli 2 ina nukta 1920 kwa upana, maana yake inatosha mita 7 na nusu. Ukiitanua ionyeshe ua wa mita 20, zinabaki nukta 96 kwa mita: utajua mtu kapita, hutajua nani. Getini chukua lenzi ya milimita 4 au 6, inayobana upana. Ile ya 2.8 iache kwa ajili ya uani, ambako unataka kuona kote.

Sisi wa Tanga tuna adui mwingine, chumvi. Nyumba moja ya Raskazone picha ilikuwa inakatika kila upepo ukivuma kutoka baharini. Nilipofungua kiungo cha waya nyuma ya kamera nikakuta kutu ya kijani imejaa hadi kwenye sindano ya katikati. Kamera yenyewe ilikuwa na alama ya IP67, ya kuzuia vumbi na maji, na ndani ilikuwa kavu kabisa, ila mkia wake wa waya ulining'inia nje, na ile alama haiulindi. Dai kiboksi cha plastiki nyuma ya kila kamera, viungo vyote viingie humo, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kununua kamera upya.

Mashine ya kurekodia ni rahisi kuamua. Kama nyumba ina waya za zamani zinazofanana na za antena, nunua DVR uzitumie hizohizo. Kama ndiyo unajenga, nenda na NVR yenye PoE: waya mmoja wa mtandao unabeba picha na umeme, hadi mita 100. Una kamera 4? Nunua mashine ya njia 8, yaani inayopokea kamera 8, maana banda la kuku litakuja, na uchochoro wa nyuma utakuja.

Kwenye diski ndipo watu wengi wanapunjwa. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne ni 173, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 haimalizi siku ya sita kabla mashine haijaanza kufuta ya zamani. Ukienda Pangani kwa msiba wa wiki moja, unarudi huna ushahidi. Chukua terabaiti 2 au zaidi, na iwe diski iliyotengenezwa kwa kurekodi usiku na mchana. Ile ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kwa kazi hiyo.

Mashine usiiweke sebuleni chini ya televisheni. Mwizi ataibeba pamoja nayo. Ifungie kabatini penye hewa, pamoja na UPS, kile kifaa cha betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika kamera nazo zinalala. Neno la siri la kiwandani libadilishe siku hiyohiyo.

Na fundi usimmalizie hela yake mchana. Msubirishe giza liingie, zima taa za nje, kisha tembea mwenyewe kutoka barabarani hadi mlangoni. Kwa shangazi, jaribio la kwanza taa nyekundu za kamera, zile za kuonea gizani, ziligonga ukuta mweupe wa pembeni na uso wangu ukawa kivuli. Tukaigeuza kidogo, nikatembea tena, naye akaita kutoka ndani: "Sasa nakuona, mpaka ndevu."