Kondomu na mafuta havipatani

Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, losheni ya mwili: vyote hudhoofisha mpira wa kondomu ndani ya dakika chache, ukachanika bila ninyi kujua. Mkihitaji kilainishi, tafuteni cha maji au cha silikoni. Bana chuchu ya kondomu kwa vidole viwili unapoivaa, maana hewa ikibaki humo inaweza kuipasua. Usivae mbili, zinasuguana.

Ikipasuka siku ya Ijumaa, tafadhali usingoje Jumatatu. Nenda kituo cha afya, hata usiku, uulizie PEP, dawa za kuzuia VVU. Mwisho wa kuzianza ni saa 72, lakini kila saa ina thamani. Kisha humezwa siku 28 bila kuruka. Kujiosha ukeni kwa sabuni hakusaidii, kunachubua tu.