Pikapu yako inakula kiasi gani kweli? Jinsi ninavyopima, tanki kwa tanki

Dashibodi iliniambia nimebakiwa na kilomita 310. Nilikuwa nimekimbia lami kwa saa kadhaa, mwendo wa kilomita 100 kwa saa usiopanda wala kushuka, na kituo cha mwisho cha mafuta nilikipita bila kusimama. Mzunguko wa mchangani ulikuwa kilomita 140 tu. Nikaona mafuta yanatosha mara mbili na chenji inabaki.

Kilomita 50 ndani ya mchanga, ile 310 ilikuwa imeanguka chini ya 130. Kabla ya kilomita ya 90 taa ya mafuta ikawaka. Nilitoka kwa madumu mawili ya lita 20 ya wenzangu, ambao walikuwa wamepiga hesabu zao kabla ya kuondoka nyumbani.

Dashibodi haikunidanganya. Namba ile huhesabiwa kutokana na jinsi ulivyoendesha muda mfupi uliopita, na mimi muda mfupi uliopita nilikuwa kwenye lami. Gari halijui kwamba mbele kuna mchanga. Tangu siku hiyo, yaani miaka mitatu sasa, kila lita inayoingia kwenye tanki langu huandikwa kwenye daftari, na ninataka kukuonyesha ninavyofanya, kwa sababu mwenye pikapu ya injini kubwa ya kuingia mchangani kama yangu asiyejua ulaji wake halisi anahatarisha zaidi ya pesa.

Namba ya kwenye karatasi

Anza nayo, usiidharau, ila ijue ilikotoka. Nchini Marekani, shirika la serikali la mazingira, EPA, hutoa namba tatu: ya mjini, ya barabara kuu, na ya mchanganyiko. Gari hupimwa likizunguka juu ya rola ndani ya maabara, na mafuta yaliyotumika hukokotolewa kutokana na kaboni iliyomo kwenye moshi. Tangu magari ya mwaka 2008, hesabu hizo huzingatia pia mwendo mkali, kiyoyozi na baridi. Kwa hiyo namba zenyewe ni za haki. Kisichomo ni mchanga, matope, hema juu ya paa, na matairi uliyobadilisha wewe.

Ram 1500 TRX ya 2021, yenye V8 (injini ya silinda nane) ya lita 6.2, supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa zaidi) na nguvu za farasi 702, iliandikiwa maili 10 kwa galoni mjini, 14 barabara kuu, na 12 kwa mchanganyiko. Ford F-150 Raptor R ya 2023, V8 ya lita 5.2 yenye supachaja pia, ilikuwa 10, 15 na 12. Raptor ya kawaida ya 2021, V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili (pampu za hewa zinazozungushwa na moshi wa injini), ikiwa na matairi ya inchi 35, ilikuwa 15, 18 na 16.

Zidisha kila namba kwa 0.425 upate kilomita kwa lita. TRX kwa mchanganyiko inakwenda kilomita 5.1 kwa lita moja, na Raptor ya V6 kilomita 6.8. Lakini hakikisha kwanza galoni ni ya nani. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Pikapu ileile ya maili 16 Marekani inasomeka 19 ikipigiwa hesabu ya Uingereza, na nimeona watu wazima wakibishana jioni nzima kumbe galoni ndizo zilizotofautiana.

Kujaza

Jaza tanki mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, kisha acha. Usiongeze "kidogo tu" ili kufikisha namba nzima. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha. Ukirudi, tumia pampu ileile, gari likiwa limesimama upande uleule, na uache tena bomba linapojikata. Lita ulizoweka mara hii ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita hizo.

Tanki moja halitoshi kukupa ukweli. Gari likiinama kidogo upande mmoja, hewa hubaki juu ya tanki na pampu hujikata mapema, na kosa la lita 3 katika lita 40 si dogo. Ndiyo maana sipimi chini ya nusu tanki, na siamini namba yoyote ambayo haijatokana na matanki matatu ya barabara ya aina moja. Mimi hujaza asubuhi, kwa sababu petroli hutanuka ikipata joto. Tofauti ya nyuzi 20 za Selsiasi inakaribia asilimia 2 ya ujazo. Si nyingi, lakini ni rahisi kuiepuka.

Kwenye daftari naandika tarehe, kilomita, lita, aina ya barabara, upepo wa matairi na mzigo. Hiyo safu ya aina ya barabara ndiyo roho ya daftari. Bila hiyo utapata wastani mmoja usiokusaidia popote.

Matairi yanadanganya mita

Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nilikosea kwa miezi mitano.

Pikapu yangu ilikuja na matairi ya inchi 35. Kwenye lami, mwendo wa 100, lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita 7.2. Nikavaa ya inchi 37 yenye meno makubwa, na daftari likashuka hadi 6.57. Niliumia, karibu niyavue. Kisha nikakumbuka kwamba gari halipimi barabara, linahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali uleule, na kama kompyuta haijaambiwa, itaandika kilomita pungufu.

Kimahesabu, 37 gawanya kwa 35 ni 1.057. Usitumie namba hiyo moja kwa moja, kwa sababu tairi hubonyea chini ya uzito, huisha meno, na "inchi 37" ya mtengenezaji mmoja si sawa na ya mwingine. Tafuta barabara iliyonyooka, washa GPS ya simu, na uendeshe kilomita 100 kamili kwa hesabu ya GPS. Mita ya kilomita ya gari langu ilisoma 95.2. Gawanya 100 kwa 95.2, upate 1.05. Tangu hapo kila kilomita ninayoandika huzidishwa kwa 1.05.

Mfano kutoka ukurasa wa mwezi huo: mita ilisema 412, pampu ikanipa lita 71.4. Bila kusahihisha ni kilomita 5.77 kwa lita. Ukisahihisha, kilomita ni 432.6, na jibu ni 6.06. Ile 6.57 ya lami nayo ikapanda hadi 6.9. Kwa hiyo matairi makubwa yalinigharimu kweli, kutoka 7.2 hadi 6.9, lakini zaidi ya nusu ya hasara niliyoilalamikia ilikuwa kosa la mita tu. Na jambo la usalama: mshale ukisema 100, nilikuwa nakwenda 105. Fundi mwenye kifaa cha kuingia kwenye kompyuta ya gari anaweza kuiandikia ukubwa mpya wa tairi, na akishafanya hivyo, acha kuzidisha. Rudia kipimo cha GPS uhakikishe.

Wastani usioeleweka

Ukienda kilomita 300 za lami kwa 7 kwa lita, kisha 300 za njia mbovu kwa 3 kwa lita, wastani si 5. Safari ya kwanza ilikula lita 43, ya pili lita 100. Kilomita 600 kwa lita 143 ni 4.2. Njia mbovu huvuta hesabu nzima kwake, kwa hiyo daima jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye. Atakayejumlisha 7 na 3 na kugawanya kwa mbili ataingia porini na mafuta pungufu kwa lita 23.

Mchanga upime kwa saa

Hili sikulisoma popote, daftari ndilo lililonifundisha. Mchangani kilomita hazina maana sana. Unapanda tuta, unarudi nyuma, unajaribu tena, unamvuta mwenzako, unasimama injini ikiunguruma ili turbo zipoe. Kilomita 2 zinaweza kuchukua nusu saa. Lita zinaendelea kutoka muda wote huo.

Nilipoanza kuandika muda badala ya umbali, namba zikatulia. Kwa kilomita, mchanga laini ulinipa chochote kati ya 1.8 na 3.1 kwa lita, nikachukua 2.4. Kwa saa, karibu kila mara ni lita 14 hadi 15. Sasa napanga safari ya mchanga kwa saa: saa 4 ni lita 60, kisha naongeza robo.

Upepo wa matairi ndio unaotawala hapa. Nikishusha hadi psi 16 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), tairi hulala, hukanyaga eneo kubwa, na gari huelea badala ya kuchimba. Siku moja niliingia na psi 28 kwa uvivu wa kushuka garini, na saa ile ilikula lita 19. Lakini ukitoka, jaza upepo kabla ya lami. Tairi laini kwenye lami hupata joto, na joto ndilo linalopasua tairi. Ulaji wa mafuta hapo ni hoja ndogo.

Gia za chini za 4x4 zina sifa mbaya ya kula mafuta. Ni kweli injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mita. Hata hivyo kwenye mlima wa mawe huniokoa kukanyaga mafuta kwa nguvu, kwa hiyo sizikwepi.

Kinachobadilisha namba

Mwendo kwanza, na kwa mbali. Pikapu hizi ni ndefu kwenda juu, pana, na zina uso bapa. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka 100 hadi 120, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu iliyoongezeka asilimia 44. Mafuta hayaongezeki kiasi hicho chote, kwa kuwa msuguano wa matairi na injini haukui vivyo hivyo, lakini kwangu 6.9 hushuka hadi 5.8. Hakuna kifaa chochote cha kununua kitakachokurudishia kiasi hicho.

Kisha mguu. Injini ya turbo ndiyo inayobadilika zaidi kulingana na dereva. Ikiendeshwa kwa upole inakula kama injini ndogo. Ikikanyagwa hadi chini kwa muda, kompyuta humimina mafuta zaidi ya yanayoweza kuungua, ili kupoza moshi unaoingia kwenye turbo. Mafuta hayo hayakupeleki popote. Supachaja ni tofauti: huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo ukiidai nguvu, inachukua sehemu yake kwanza.

Mzigo wa juu ya paa huumiza lami kuliko uzito wake unavyoonyesha, kwa sababu ya upepo. Hema langu la juu hunila 0.6 ya kilomita kwa kila lita. Lishushe kama hulali nje. Madumu yakae kwenye bodi, chini, yamefungwa vizuri. Lita 20 za petroli ni kilo 15 hivi. Na mlango wa nyuma wa bodi uache umefungwa. Ukiwa umefungwa, hewa hutengeneza kiputo ndani ya bodi na upepo hupita juu yake. Kuufungua hakusaidii, na mara nyingi huongeza ukinzani.

Petroli weka ile ambayo kitabu cha gari kinadai. Injini yenye turbo au supachaja ikipewa petroli ya okteni ya chini (isiyohimili mgandamizo mkubwa) huchelewesha cheche ili mafuta yasilipuke ovyo na injini kugonga, na hapo nguvu hupungua nawe unakanyaga zaidi.

Safari ileile, mara ya pili

Mwaka jana nilirudi kwenye ule mzunguko wa kilomita 140. Kituo cha mwisho, kile nilichokipita, kiko kilomita 120 kutoka ukingo wa mchanga. Niliandika usiku wa kuamkia safari: lita 20 kwenda, lita 60 za saa 4 mchangani, 15 za nyongeza, lita 20 kurudi. Jumla 115. Tanki langu ni lita 120. Nikajaza pale kituoni hadi bomba lijikate, nikabeba dumu moja juu ya hapo, nikashusha upepo hadi psi 16 kwenye ukingo.

Mchangani tulikaa saa 4 na dakika 20, maana gari moja lilizama mara mbili. Dashibodi ilianguka vilevile kama mara ya kwanza, nami sikuitazama sana. Jioni nilisimama kwenye pampu ileile, upande uleule. Ilijikata kwenye lita 101.3. Dumu lilirudi limejaa.